Maswali ya wasomaji: Homoni iko juu, mtoto harefuki, imekaaje hiyo?

Mwezi huu maswali karibu yote yamegeukia urefu, sijui ni hizi video za mtandaoni au ni watu wamepima watoto ukutani likizo hii. Nimechagua matano yanayoshikana. Majina tumeyafupisha kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na miezi minne, urefu sentimita 86, na kila nikienda kliniki nesi anaweka alama chini ya mstari anaguna tu. Juzi mjomba wake akatulipia vipimo hospitali ya binafsi, majibu yakaja homoni ya ukuaji iko juu kuliko kawaida alafu kitu kinaitwa IGF-1 kiko chini. Mi nilijua mtoto akiwa mfupi ni homoni imepungua, sasa hii iko juu na bado hakui. Chakula anakula, ugali hatukosi hata siku moja, tunalima mahindi na viazi. Bibi yake anasema ukoo wa baba yake ni wafupi tuache kujisumbua. (Mama Junior, Makambako)

Marahaba mama Junior. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua sindano za homoni, maana kuna wazazi wakiona neno homoni kwenye karatasi ya majibu wanaanza kutafuta wa kumuuzia shamba.

Iko hivi. Homoni ya ukuaji inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo inaitwa pituitari. Yenyewe kazi yake kubwa kwenye urefu ni kwenda kwenye ini kuliambia litengeneze hiyo IGF-1, nayo ni homoni, na IGF-1 hiyo, pamoja na ile inayotengenezwa palepale kwenye mfupa, ndo inafanya gegedu za kwenye ncha za mifupa ziongezeke na mfupa urefuke. Sasa ini halitekelezi tu kwa vile limeambiwa. Likiona chakula hakitoshi na protini ni kidogo linapunguza vipokezi vya ile homoni, yani sehemu za seli zinazoipokea, na hata homoni inayofanikiwa kushika kipokezi ujumbe wake unakatikia njiani ndani ya seli. Simu inaita, hakuna anayepokea. Na kwa kawaida IGF-1 ndo inayoirudia pituitari kuiambia basi imetosha, kwa hiyo IGF-1 ikikosekana pituitari inazidi kumwaga homoni, ndo unapata karatasi kama yako, moja juu nyingine chini.

Hili sio jipya. Miaka ya 1960 madaktari wa Cape Town walipima damu za watoto wenye kwashakoo, na mtu angetegemea homoni ya ukuaji iwe imekauka kabisa, wakakuta iko juu sana, na watoto walipolishwa protini ikaanza kushuka. Yani mtoto anapona, homoni inapungua! Ukilielewa hilo umeelewa karibu kila kitu kwenye ukurasa huu.

Na mwili haujakosea kufanya hivo. Homoni ya ukuaji ina kazi nyingine, kuyeyusha mafuta ya akiba ili yatumike kama nishati, na wakati wa njaa hiyo ndo kazi inayotakiwa. Kurefuka ni gharama, kunasubiri. Shida ni pale kunaposubirishwa miaka miwili mitatu mfululizo kwa mtoto ambaye huo ndo umri wake wa kukua haraka.

Kuna kitu kingine watu hawakijui, insulini. Insulini tunaisikia kwenye kisukari tu lakini ndo inayolisaidia ini kuwa na vipokezi vya kutosha vya homoni ya ukuaji, na insulini inapanda mtu akila. Mtoto anayekula asubuhi uji mwepesi alafu mpaka jioni hajala kitu, ini lake linashinda kutwa kwenye hali ya uhaba. Ndo maana hata mtoto mwenye kisukari cha utotoni ambacho hakijadhibitiwa anadumaa hivohivo.

Sasa utaniambia mbona anakula ugali kila siku. Ndio, na hapo ndo mkoa wenu unatushangaza wote. Kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano Tanzania ulikuwa asilimia 30, lakini Iringa ulikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Ghala limejaa na mtoto kadumaa, kwa sababu ghala limejaa mahindi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, hizi ni amino asidi, yani vipande vinavyojenga protini, ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, na ukikoboa ukapata sembe nyeupe unaondoa na sehemu kubwa ya madini. Tumbo la mtoto wa miaka mitatu ni dogo, likijaa ugali na mchuzi wa juujuu halina nafasi tena.

Alafu angalia mahindi yenyewe. Sumukuvu, ile sumu ya fangasi wa kwenye mahindi na karanga zilizokauka vibaya, nayo inahusika. Kuna watoto wa shule walipimwa Kenya, matokeo yakatoka 2015, ikaonekana kadiri sumukuvu ilivyokuwa nyingi kwenye damu ndivyo IGF-1 ilivyokuwa chini. Kwa hiyo yale mahindi yaliyobadilika rangi ambayo tunasema tuyasage tu ya uji wa mtoto, hapana jamani. Na kuharisha kila mara, minyoo, choo kibovu, mikono michafu, vyote vinaushughulisha mwili na maambukizi, na mwili ukiwa kwenye hali hiyo IGF-1 inashuka hata chakula kikiwepo. Zimbabwe waliliona hili kwa watoto wachanga, waliokuja kudumaa damu zao zilikuwa na dalili kwamba mwili unapambana na IGF-1 yao ilikuwa chini.

Kuhusu bibi, mwambie kwa heshima kwamba ukoo una nafasi yake lakini sio kwenye umri huu kwa kiasi anachodhani. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza ile chati iliyoko kwenye kadi ya kliniki lilifuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani kati ya 1997 na 2003, watoto walionyonyeshwa vizuri na kulelewa kwenye mazingira mazuri, na wote urefu wao ulikaribiana sana mpaka miaka mitano. Sentimita 86 kwa umri wa Junior iko chini ya mstari wa udumavu, sio ufupi wa ukoo tu.

Ufanye nini? Mpe mara tano kwa siku, milo mitatu na vitu viwili katikati, na kila mlo uwe na kitu cha maana ndani yake: yai, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, maziwa, maini mara mojamoja. Makambako parachichi mnazo mpaka zinaoza, mpondee, zinaongeza nishati bila kujaza tumbo. Uji wa lishe sina ugomvi nao ila kuchanganya nafaka kumi hakuufanyi kuwa na lishe, nafaka kumi ni nafaka tu, weka maziwa au karanga safi. Yai peke yake lisigeuzwe dawa pia. Ecuador waliwapa watoto wachanga yai moja kila siku kwa miezi sita wakakua vizuri sana, Malawi wakarudia hawakuona tofauti hiyo, watoto wa kule walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Inategemea ni nini hasa kinachokosekana kwenye sahani yako.

Mpe dawa ya minyoo kwa ratiba ya kliniki, na umpime urefu kila baada ya miezi mitatu, mtu yuleyule na ubao uleule. Hicho kipimo kimoja cha homoni usikiweke sana moyoni maana inatoka kwa mafungu, nyingi usiku, saa moja iko juu saa nyingine haionekani kabisa. IGF-1 ndo ya kurudia baada ya miezi sita hivi ya kula vizuri. Ikigoma kupanda na urefu ukagoma, hapo muone daktari bingwa wa homoni za watoto, kwa sababu kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa Laron, ulielezwa Israel mwaka 1966, kundi kubwa la wenye nao liko kusini mwa Ecuador, na karatasi yao ya majibu inafanana kabisa na ya Junior ila wao kipokezi chenyewe kimezaliwa kibovu na mayai hayasaidii. Ni nadra sana huo. Anza na sahani.

SWALI: Sasa daktari. Niko na miaka 24, naenda gym siku tano kwa wiki. Niliona video inasema ukifunga kula masaa mengi growth hormone inapanda mara tano, so nakula mara moja tu jioni, chapati na madondo (maharagwe), maybe mayai mawili. Ni miezi minne. Tumbo limeisha kweli lakini mikono ni ile ile na uzito ninaoinua kwenye benchi umeshuka. Nakosea wapi? (Brayo, Nairobi)

Poa Brayo. Video haijadanganya kwenye hiyo homoni, ukifunga muda mrefu inapanda kweli, na ukikaa siku kadhaa inapanda sana. Imekuficha nusu ya pili. Soma jibu la mama Junior hapo juu, ni mwili uleule: homoni inapanda kwa sababu chakula hakuna, na IGF-1 inashuka kwa sababu chakula hakuna. Tumbo limeisha kwa sababu homoni inafanya kazi yake ya kuyeyusha mafuta. Mikono imebaki kwa sababu ya kujenga haipo, insulini iko chini karibu siku nzima na amino asidi unaziingiza mara moja tu tena kidogo. Wagonjwa wanaojinyima kula mpaka wanakonda kupita kiasi homoni yao ya ukuaji iko juu na IGF-1 iko chini, na hakuna anayewatamani misuli yao.

Kwa mtu wa mazoezi kama wewe lenga protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ukiwa na kilo 70 hiyo ni kama gramu 110. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ile sahani yako ya jioni, hufiki hata nusu. Gawanya mara tatu au nne, ongeza omena, maziwa, githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi. Ukitaka kubaki na kufunga funga masaa 12 ya usiku inatosha. Na wanaofunga Ramadhani wasiniandikie kulalamika, wao wana futari na daku, ni habari nyingine.

SWALI: Dokta, hapa kwetu Dodoma wadogo zangu wanakula udongo sana, hasa mtu akiwa mjamzito, na sasa mtoto wa dada wa miaka sita naye ameanza kuokota. Mimi shangazi mtu nikisema wananicheka wanasema kila mtu alikula. Una madhara gani kwenye kukua? (Shangazi, Dodoma)

Shangazi wacha wakucheke, nina kisa chao.

Mwaka 1958 daktari mmoja anaitwa Ananda Prasad alikuwa Shiraz, Iran, akaletewa kijana wa miaka 21 anayeonekana kama mtoto wa miaka kumi. Hana ndevu, hajabalehe, damu imepungua vibaya. Kuuliza anakula nini, mkate usiochachushwa na udongo, nyama hakuna. Na hakuwa peke yake, vijijini kule wapo wengi wa namna hiyo. Mwanzo wakadhani ni madini ya chuma tu lakini upungufu wa chuma hauelezi mtu kutobalehe. Prasad akahamia Misri, akakuta vijana wafupi wa namna hiyohiyo, akapima, na mwaka 1963 ikaonyeshwa kwamba zinki ilikuwa imewapungukia. Walipopewa zinki walirefuka na wakabalehe. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini binadamu hawezi kupungukiwa na zinki.

Udongo na mkate vilifanya kazi moja. Nafaka zina kitu kinaitwa faiteti kinachoshika zinki na chuma tumboni visifyonzwe, udongo nao unashika madini, ukiviweka pamoja hata kile kidogo ulichokula kinaishia chooni. Na zinki ikikosekana homoni ya ukuaji inapoteza nguvu, IGF-1 inashuka, na hata chini ya hapo seli yenyewe inashindwa kugawanyika. Panya wa maabara walionyimwa zinki walipopewa IGF-1 yenyewe moja kwa moja hawakuanza kukua. Umeona ilivyo, sio tu kwamba ini halijapokea maagizo, hata ukiruka ini ukapeleka maagizo kwenye mwili wote bado.

Mtoto wa miaka sita anayeokota udongo mpelekeni apimwe damu, mara nyingi anayetamani udongo ana upungufu wa damu, ukitibiwa hamu nayo inaisha. Apewe na dawa ya minyoo maana udongo wa chini una mayai ya minyoo. Nyumbani nyama hata kipande kidogo, dagaa, maini, na nafaka na maharage myaloweke usiku mzima mmwage yale maji, au mchachushe uji wa togwa wa kizamani, kuloweka na kuchachusha vinapunguza faiteti. Bibi zetu walikuwa wanachachusha na kuotesha kimea, sisi ndo tumeona ni ushamba.

Msikimbilie vidonge vya zinki duka la dawa kila mwezi. Vile anavyopewa mtoto anayeharisha, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14 pamoja na ORS, vina sababu yake na vina mwisho wake. Zinki nyingi kwa muda mrefu inazuia mwili kufyonza shaba, na damu inapungua tena. Dada mjamzito amalize vidonge vyake vya kliniki vya chuma na foliki asidi, na kama hamu ni kali amwambie nesi bila aibu.

SWALI: Mambo dokta. Nina miaka 17, urefu futi tano na inchi nne, napenda basketi. Kuna mtu anauza vidonge mtandaoni elfu 45 kopo moja anasema vina homoni ya ukuaji, unaongezeka inchi tatu kwa miezi miwili. Ni kweli? (K., Mwanza)

Sio kweli K. Homoni ya ukuaji ni protini, mnyororo wa amino asidi 191. Ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya sato. Ndo maana wanaoihitaji kweli wanachomwa sindano. Wengine wanaandika kopo lina amino asidi za kuamsha homoni, sasa hizo si ziko kwenye maharage? Elfu 45 kula samaki.

Swali lako la kweli ni kama bado una nafasi ya kurefuka, na hilo linajibiwa kwa eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto. Zile gegedu za ncha za mifupa zikishafunga basi, sindano wala chakula havifungui. Kama sauti imekuwa nzito zamani na hujaongezeka mwaka mzima pengine zimefunga au zinakaribia. Kama hujabalehe vizuri mpaka sasa nenda hospitali mapema, usisubiri. Upungufu halisi wa homoni upo, na dalili yake kubwa kwa mtoto ni kuongezeka chini ya kama sentimita tano kwa mwaka kabla ya kubalehe wakati anakula vizuri na haumwi. Huyo sindano zinamsaidia. Mtoto mwenye njaa zinamsaidia kidogo sana, na mtu ambaye mifupa imefunga zinaweza kumnenepesha taya na vidole na kumletea sukari.

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi huku tunatumia chumvi ya mawe tunayonunua kwa wanaoivuna, ni tamu zaidi. Nimesikia inafanya watoto wawe wafupi. (Bi Zuwena, Tanga)

Waaleikum salaam Bi Zuwena. Chumvi yenyewe haifupishi mtu, ni kwamba mara nyingi haijawekwa madini joto. Madini joto yakikosekana tezi ya shingo haitengenezi homoni yake ya kutosha, na bila hiyo pituitari haitoi homoni ya ukuaji vizuri na mifupa nayo haiiitikii ipasavyo, mtoto anadumaa na akili inazorota, hilo la akili ndo baya zaidi hasa mama akiwa mjamzito. Mnakula samaki wa baharini kwa hiyo mna nafuu kuliko watu wa milimani. Ila nunua yenye alama ya madini joto, weka kwenye kopo lenye mfuniko mbali na jiko, na kwenye mchuzi itie mwishoni ukikaribia kuipua, maana moto mrefu unayapunguza.